Kijana Anayekaa Bure katika Mji wa Mali: Kosa ni la Nani?



Kuna neno moja linalosemwa kila siku katika mji wetu wa Kolwezi, ndani ya basi, kwenye matanga, hata mbele ya mlango wa kanisa watu wanapoagana. Wanasema: "Vijana wa leo hawataki kazi." Linasemwa na wazee waliotumika miaka 30 katika kampuni. Linasemwa na mama anayeamka kabla ya jogoo ili awahi sokoni. Kwa kweli tunaelewa kwa nini wanalisema, kwa maana anayechoka anamwona vibaya anayekaa. Lakini neno hili ni hukumu, na hukumu inaomba uchunguzi kabla haijatolewa. Tumeona vema tulichunguze pamoja nanyi, kwani karibu kila lupango ina kijana anayebeba hukumu hiyo mgongoni, tena bila kuulizwa neno.

Kwanza tujue tunasema juu ya nani. Tunasema juu ya kijana ambaye milango mitatu imemfungikia kwa wakati mmoja: hayuko kazini, hayuko shuleni, wala hayuko mahali anapojifunza ufundi. Mwenye kazi ngumu na mshahara mdogo si yeye. Mwanafunzi mwenye njaa si yeye pia. Hao wanateseka, ndiyo, lakini kila mmoja wao ana fasi ya kwenda asubuhi. Huyu wetu hana fasi ya kwenda asubuhi. Anaoga, anavaa, anasimama kwenye njia, na njia yote miwili ni sawa kwake.

Shirika la Kazi la Kimataifa linawahesabu vijana wa namna hii katika dunia nzima, wenye miaka 15 mpaka 24. Kwa mwaka 2023 lilikuta kwamba kijana mmoja katika kila watano yumo katika hali hiyo, na katika kila watatu wa kundi hilo wawili ni wasichana. (Juu ya wasichana tutarudi, kwa maana wao hata hawasimami njiani tukawaona.) Mataifa yalikuwa yameahidi mwaka 2015 kwamba itakapofika 2020 hesabu hiyo itakuwa imepunguzwa sana. Mwaka 2020 ulifika, ukapita.

Msidhani kwamba hesabu hii ilianzia kwa maskini. Katika mwaka 1999 Serikali ya Uingereza, nchi yenye viwanda na mabenki, iliandika ripoti nzima juu ya vijana wake wa miaka 16 mpaka 18 waliokuwa nje ya masomo, nje ya kazi na nje ya mafunzo. Baadaye England iliweka sheria, na tangu 2015 kijana wa huko anapaswa kubaki katika masomo au mafunzo ya namna fulani mpaka atimize miaka 18. Mtu atauliza: nchi yenye mali inahangaika na nini? Inahangaika kwa sababu katika fasi ya mali kijana huyu haonekani. Wastani unamficha. Ukichukua ng'ombe mia za tajiri mmoja ukazigawa katika karatasi kwa watu mia wa kijiji, kila mtu ana ng'ombe wake, lakini jioni ni chungu kimoja tu kinachonuka nyama.

Sasa turudi kwetu, kwa maana mambo ya Kolwezi ndiyo tunayoyaona kwa macho. Mji huu si maskini. Katika miaka hii Congo imetoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa ilitoka katika jimbo letu la Lualaba. Tangu mwaka 2015 sisi ni makao makuu ya jimbo. Hoteli zimeota, ukuta mrefu umeota, magari ya mizigo yanapanga mstari barabarani usiku kucha kuelekea Kasumbalesa. Mwenye kupita tu atasema: hapa hakuna mtu anayekosa kazi.

Lakini mali ya mji haiji peke yake, inakuja pamoja na bei yake. Nyumba inalipwa kwa dola. Unga wa bukari unapanda kila mara njia inapokatika au dola inapopanda. Mahari nayo imejifunza kuhesabu kwa dola. Kule kijijini, kijana asiye na mshahara anashika jembe la baba yake, na jioni ana muhogo wake, ana fasi yake katika baraza la watu. Hapa shamba la babu limeingia ndani ya waya wa kampuni, au limekuwa shimo. Kwa hiyo kijana wa mji wa mali hakosi kazi tu. Anakosa kazi fasi ambapo kuwa mtu kunalipiwa, na kila siku anapita mbele ya vitu ambavyo wengine wa umri wake wanavyo. Umaskini wa peke yako katikati ya wenye navyo una uchungu wa namna nyingine kabisa.

Tena wako wale ambao hatuwataji kamwe: watoto wa nyumba zenye ukuta. Baba ana cheo au ana magari ya mizigo, jenereta inanguruma, friji imejaa, na mtoto ana miaka 24, ana diplomi ya Serikali, pengine alianza chuo akaacha, na sasa analala mpaka saa sita mchana. Ukiuliza, mama anasema: "Anangojea safari." Safari hiyo ina miaka minne. Huyu hana njaa, na ndiyo maana hakuna anayemhurumia. Lakini tumewahi kuketi na wengine wao, na tunasema kweli, ni watu waliochoka kuishi bila kutumiwa. Chakula cha baba hakimwambii mtu kwamba anahitajiwa. Tofauti ni kwamba wa nje ya ukuta anaonekana na kutukanwa, wa ndani ya ukuta anafichwa na kulishwa, na wote wawili hawana fasi ya kwenda asubuhi.

Je, tulifikaje hapa? Inafaa tuangalie neno lenyewe "kazi", kwa maana kwetu Katanga lina historia yake. Union Minière ilizaliwa mwaka 1906, na mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi yake ya magharibi. Kampuni ilileta watu kutoka mbali, ikajenga kambi, hospitali na shule, ikagawa posho. Mwaka 1967 Serikali ikachukua mali ile, na baadaye ikaitwa Gécamines. Katika miaka ile yote, "kazi" lilikuja kumaanisha jambo moja: kuandikwa, kupewa namba, kulipwa mwisho wa mwezi. Mtu aliyelima hekta mbili alisema: "Mimi sina kazi, ninalima tu." Mama aliyelisha watoto saba kwa kuuza sombe alisema: "Sina kazi." Mpaka leo tunasema hivyo. Tulijifunza kudharau kila jasho lisilo na namba.

Kisha kampuni ikaanguka. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ilibomoka. Shaba iliyokuwa inapita tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, mwanzoni mwa miaka ya 2000 haikufika hata sehemu moja ya kumi ya hesabu hiyo. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kwa pamoja, wakalipwa kwa fedha za Benki ya Dunia ili waende nyumbani. Watu wanakumbuka mshahara uliopotea. Sisi tunakumbuka pia jambo lingine ambalo halisemwi sana: kamba ya kujifunza ilikatika. Zamani kijana aliingia katika shule ya ufundi ya kampuni, akatoka hapo akasimama kando ya fundi mzee, akashika spana mkononi mwake, na baada ya miaka alikuwa fundi naye. Fundi mzee alipotoka mlangoni na bahasha yake, alitoka na ujuzi wake pia. Hakukuwa na kijana kando yake wa kumwachia.

Kampuni zimerudi tangu Sheria ya Migodi ya mwaka 2002, tena ni nyingi na zina mitaji mikubwa. Lakini mgodi wa leo si mgodi wa babu zetu. Gari moja linabeba tani 100 kwa safari moja, na anayeliendesha ni mtu mmoja. Wanaotafutwa ni wachache, na wanaotafutwa wanaombwa kitu ambacho hakipatikani sokoni: uzoefu. "Tunataka mwenye uzoefu wa miaka mitatu." Atautoa wapi, naye hajaandikwa popote? Anaomba stazi, stazi inataka barua ya mkubwa fulani, mkubwa fulani ana watoto wa dada zake. Hapo mlango wa kazi unageuka kuwa mlango wa ukoo, na asiye na mjomba ndani anabaki nje na diplomi yake ndani ya plastiki.

Wengine hawakufika hata kwenye diplomi. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya Serikali hailipiwi, na hilo ni jambo jema la kushukuru. Lakini shule ya sekondari inalipiwa, na hapo ndipo wengi wanaanguka, katika mwaka wa pili au wa tatu, baba akisema "ngojea kidogo, mwezi ujao." Kando ya mwezi ujao kuna shimo. Tunakumbuka mwaka 2014, watu wa Kasulo walipokuta kobalti chini ya nyumba zao, wakachimba jikoni, wakachimba uani. Mvulana wa miaka 16 aliyeona rafiki yake anarudi na dola mfukoni, utamwambia nini juu ya kitabu cha jiografia? Mwanzoni mwa 2018 bei ya kobalti ilikuwa juu sana. Katikati ya 2019 ilikuwa imeanguka chini ya nusu. Wavulana walitoka shimoni wakiwa na miaka 20, bila shule, bila ufundi, na mapafu yenye vumbi. Si wavivu hao. Walifanya kazi ambayo wengi wanaowahukumu wasingeifanya hata siku moja. Ila kazi ile haikuwaacha na kitu mkononi cha kuonyesha.

Na wasichana? Kijana wa kiume akikaa bure anaonekana, anasumbua, mji unamwogopa, kwa hiyo watu wanaandaa mikutano juu yake. Msichana akikaa bure anapewa ndoo. Anachota maji, anaosha watoto wa yaya yake, anapika bukari ya watu kumi, na jioni wanasema: "Yeye yuko tu nyumbani." Anachoka kuliko wote katika lupango, na katika hesabu ni mtu asiye na kazi, asiye na masomo, asiye na ufundi. Halafu tunashangaa akimfuata mtu wa kwanza mwenye gari. Tunasema ameharibika. Nani alimpa fasi nyingine ya kwenda?

Basi, turudi kwenye hukumu ile ya kwanza. Wanaoihubiri wanapenda kumtaja mtume Paulo na neno lake kwa Wathesalonike juu ya kazi na chakula. Sawa, lakini wasome vizuri: mtume anamsema yule *asiyetaka*. Hamsemi yule asiyepata. Kutotaka na kukosa ni mambo mawili, na kuyachanganya ni kutoa ushahidi wa uongo juu ya jirani. Bwana wetu naye alisimulia habari ya watu waliosimama sokoni kutwa nzima. Mwenye shamba la mizabibu aliwauliza sababu, wakamjibu kwamba hakuna mtu aliyewaandika. Angalieni hapo: yeye hakubishana nao. Hakusema "ninyi ni wavivu." Aliliamini jibu lao, akawatuma shambani, ijapokuwa jua lilikuwa linazama, na jioni akawalipa siku nzima, kwa kuwa tumbo la aliyeanza jioni linaomba chakula sawa na la aliyeanza asubuhi.

Hatutaki mtu afikiri kwamba tunasema hakuna wavivu. Wako, na tunawajua. Wako wanaopewa fasi katika gereji wakaiacha siku ya tatu kwa sababu mafuta machafu yamegusa suruali. Lakini tumeangalia kwa miaka mingi jinsi uvivu unavyozaliwa, na tunasema hivi: kukosa kunazaa kutotaka. Mwaka wa kwanza baada ya shule kijana anapeleka barua kila juma. Mwaka wa pili anapeleka moja kwa mwezi. Mwaka wa tatu anasema "wanajuana wenyewe," na mwaka wa tano ukimletea kazi mlangoni anaiogopa, kwa maana amesahau namna ya kuamka, namna ya kuamriwa, namna ya kushindwa jambo na kulirudia. Huyo wa mwaka wa tano ndiye tunayemwonyesha kwa kidole. Wa mwaka wa kwanza hatukumwona. Tunamhukumu mtu kwa ugonjwa uliomshika wakati alipokuwa anangoja daktari.

Hapa inafaa tuguse jambo moja, ijapokuwa wengine hawatapenda. Kijana akikaa miaka mingi bila kazi, familia inakutana, na mara nyingi mmoja anasema: "Amefungwa. Kuna mtu anayemla nyota yake." Macho yanamgeukia nyanya, au mama mdogo asiye na mtoto. Kijana anapelekwa kutoka kwa mwombaji mmoja mpaka mwingine, analipa, anafunga siku 21, na nyanya analala nje. Sisi ni watu wa maombi, wala hatutaacha kuwa hivyo. Tunawaombea vijana na tutawaombea. Lakini pepo hafukuzwi mahali ambapo hayupo. Kabla ya kutafuta mchawi, tuulize: nani amemfundisha huyu kitu cha mikono? Ana vyombo gani? Nani wetu amemtaja jina lake mbele ya anayeandika watu? Kumfukuza mama mzee hakuongezi hata stazi moja katika mji mzima.

Deni ni la nani, basi? Kwanza ni la mali yenyewe. Sheria ya Migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema kwamba kampuni ya mgodi itoe angalau dola 3 katika kila dola 1,000 za mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya watu wanaokaa kando ya mgodi. Tena mrabaha unaolipwa juu ya madini unagawanywa: katika kila 100, Serikali kuu 50, jimbo 25, mji au sekta ambamo mgodi umo 15, na 10 ni za mfuko wa vizazi vijavyo. Kizazi kijacho ni nani? Mtoto aliyekuwa na miaka 12 wakati sheria hii inaandikwa, leo ni mtu mzima anayesimama njiani. Yeye ndiye kizazi kijacho, amekwisha kuja. Kuuliza fedha hizo zimejenga karakana ngapi si siasa wala si uasi. Ni mwenye mali kuulizia mali yake. Waamini walio katika kamati za mitaa wajue hesabu hizi kwa kichwa.

Lakini kuna deni lingine lisilongoja Kinshasa wala kampuni. Katikati yetu wako mafundi wa magari, wa umeme, wa kuchomelea vyuma, wa kushona, wa kutengeneza mikate na simu. Wengi wanakataa kupokea mwanafunzi, au wanamtoza dola ambazo hana, kwa sababu wanasema: "Nikimfundisha atafungua yake mbele ya mlango wangu." Hofu hiyo tunaielewa, lakini haina haki. Hakuna fundi aliyezaliwa na ufundi; kila mmoja alisimama kando ya mtu aliyeweza naye kumfukuza. Ujuzi uliopokelewa ni deni kwa anayefuata, na mwenye kuufungia ndani anafanya kile kile tunachowalaumu wakubwa wa migodi wanapofunga mlango kwa asiye wa ukoo wao.

Tunaomba jambo dogo linalowezekana. Kila fundi amchukue kijana mmoja kwa mwaka mmoja, asiye mtoto wa dada yake. Asimtoze. Ampe chakula cha mchana, na kama kazi imeingiza kitu, ampe nauli. Mwisho wa mwaka amwandikie barua yenye jina, tarehe na mambo ambayo kijana anajua kufanya, aitie sahihi, kwa maana barua hiyo ndiyo uzoefu wanaoomba kule mlangoni. Na kijana akiacha siku ya tatu, fundi amchukue mwingine, asiwahukumu kumi kwa ajili ya mmoja. Wazazi nao waache kuhesabu vipande vya bukari anavyokula mtoto mezani. Wanaonyamaza kwa miaka mitano kisha wanatukana kwa siku moja hawamsaidii. Wampe saa ya kuamka, tangu juma lile lile anapomaliza shule.

Mafundi walio tayari waonane na mashemasi baada ya ibada, waseme ufundi wao na mtaa wao, na siku wanazofungua. Vijana wataandikwa vivyo hivyo, wa nje ya ukuta na wa ndani ya ukuta, na wasichana waandikwe kwa ufundi wanaoutaka wenyewe, si kushona tu. Wawili wamekwisha kuuliza juu ya umeme.